Kampuni ya umeme wa jua inataka kilima chetu chote, tunazuiaje?

Ukingo_wa_Rondo: Wakuu, habari za humu. Kijiji chetu kiko Rondo, halmashauri ya Mtama, Lindi. Kuna kampuni inataka kilima iweke paneli. Juu kuna chemchemi tunayochota kijiji kizima, makaburi ya wazee na sehemu ya jando. Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi. Tunazuiaje?

Korosho_Ghafi: Jua la Lindi wakalichukue hata bure, linatuchosha.

Fundi_Inveta: Kilima chenyewe kina mwinuko gani? Huku tuko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, paneli zinaelekezwa kaskazini, kwa hiyo mteremko unaotazama kusini ni hasara. Halafu nguzo za chuma zinapigiliwa chini, na kwenye kichanga maji ya mvua yanayodondoka ukingo wa chini wa paneli yanachimba mifereji mstari kwa mstari. Misimu miwili tu mna makorongo. Ndiyo maana wanaojua kazi wanatafuta tambarare, mfano ule mradi wa TANESCO Kishapu, Shinyanga, awamu ya kwanza megawati (MW) 50.

Bi_Chikongo: Mlipokuwa mnachoma mkaa hukohuko kilimani jando hamkulikumbuka. Leo kaja mwekezaji ndiyo mna mila.

Mpingo_Mkavu: Mleta uzi, weka ukubwa. Bila ekari hakuna ushauri.

Ukingo_wa_Rondo: Ekari 650. Barua inasema MW 20.

Fundi_Inveta: Hii chai, hadithi ya kutunga. MW 1 inakula hekta 2 hivi, ekari 5. MW 20 ni ekari 100, ukiweka barabara za ndani na kituo cha kupozea umeme sema 120. Hizo 650 za nini? Mtunzi hajui hesabu.

Korosho_Ghafi: Leteni vitumbua, chai imeshaiva 😂

Ukingo_wa_Rondo: Sio chai wakuu. Barua ninayo, ina muhuri.

Mpingo_Mkavu: Tulieni, mimi naona mantiki. Ekari 650 ni hekta 263. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 4: ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya kawaida (isiyo ya kijiji wala hifadhi) na haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi 250, uamuzi unapanda kwa waziri, nyie mnabaki na mapendekezo. Hizo 13 za juu hazijaangukia hapo kwa bahati mbaya. Jumamosi msianze na jando, anzeni na swali moja: MW 20 inahitaji hekta 40, hizo 223 ni za nini? Pili waoneshe makubaliano ya kuuza umeme TANESCO. Hakuna mnunuzi, hakuna mradi, hapo kinachotafutwa ni ardhi. Na wewe barua umeipataje? Hizo zinakaa kwa mtendaji.

Ukingo_wa_Rondo: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

Mpingo_Mkavu: Umesaini nini?

Ukingo_wa_Rondo: Tulisaini mahudhurio tu mkuu, ya posho. Baadaye nimeyaona yameambatishwa kwenye muhtasari unaosema tumeridhia.

Bi_Chikongo: Eheee. Na kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kuuza shamba, ulipokea?

Ukingo_wa_Rondo: Dada yangu, shamba langu liko chini, sio kilimani. Ekari 8 za mikorosho, nalipa ada za watoto kwa korosho ambazo bei haieleweki. Kuuza changu na kulinda kilima ni vitu viwili.

Mpingo_Mkavu: Kwenye ramani yao ni kimoja. Hata hivyo halmashauri ya kijiji haiwezi kuridhia peke yake bila mkutano mkuu, kwa hiyo muhtasari huo hautoshi. Jumamosi simama useme sahihi ilikuwa ya mahudhurio, na iandikwe. Chemchemi: Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa; daini umbali huohuo kwa chemchemi. Pimeni kwa kamba, pigeni picha. Makaburi yana sheria yake ya kuhamisha, ya 1969. Yahesabuni kabla greda halijapita. Tathmini ya athari kwa mazingira ikifanyika, pelekeni maoni kwa maandishi, ya mdomo hupotea. Na kilima kisipokuwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama hifadhi, kila mwaka atakuja mwingine.

Fundi_Inveta: Naondoa neno chai. Ila mikorosho hiyo ihesabu mwenyewe. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ni kama 28 kwa ekari, ekari 8 unakaribia 225. Mthamini akiandika 140, usisaini. Na fomu tupu usiiguse kabisa.

Ukingo_wa_Rondo: Asanteni. Nakala ya muhtasari mtendaji akinikatalia?

Mpingo_Mkavu: Omba kwa barua, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, ubaki na yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na kile kishika uchumba kirudishwe kabla ya Jumamosi, mbele ya mashahidi, kwa risiti.

Ukingo_wa_Rondo: Imebaki nusu mkuu.

Bi_Chikongo: Nusu nyingine ipo kwenye salfa ya mikorosho au kwenye kiti kirefu cha baa?