Mrejesho: Anime na mwongozaji wake, hapa Mbeya

Ndugu zangu, niliuliza kama inafaa kumpeleka mdogo wangu wa darasa la sita kwenye onesho la filamu ya anime (katuni za Kijapani) ambalo mwongozaji angezungumza nasi kutoka Japani kwa njia ya video. Tulikwenda, na ushauri wenu wa kuwahi viti vya mbele ulitufaa, kwa kuwa tafsiri iliandikwa kwa herufi ndogo, tena kwa Kiingereza, jambo lililomchosha mtoto. Wengi walilalamikia onesho kuanza saa nane mchana, mpaka ilipoelezwa kwamba Japani iko mbele yetu kwa saa 6, hivyo mazungumzo yalipoanza saa kumi jioni, kwa mwongozaji ilikuwa saa nne usiku. Kupitia mkalimani alieleza kwamba sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazopita kwa kufuatana, lakini mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, hivyo michoro 12 hutosha, na mhusika aliyetulia huhitaji michache zaidi. Hapo mdogo wangu, aliyekuwa ameanza kusinzia, akanyoosha mkono kuuliza ni nani huchora mvua. Kwa maoni yangu, mazungumzo yaliishinda filamu yenyewe. Wanaotoka Tukuyu wapange usafiri wa kurudi mapema, maana tulitoka giza likiingia.