Kazi ya usalama: itangazwe kama kazi nyingine, au watu waendelee kufuatwa kimyakimya?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake. Wengi wanaamini kazi ya ujasusi haiombwi: unaonwa ukiwa chuoni, mtu mzima anakuita pembeni, umeingia. Mimi napinga huo kuwa mlango mkuu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Anayekwenda kukutana na watu gizani ni sehemu ndogo tu ya idara. Waliobaki ni wafasiri, wahasibu wanaofuatilia fedha, mafundi wa kompyuta, na wachambuzi wanaoshinda mezani na taarifa mbili zinazopingana. Ni watu wa kawaida wenye subira na mdomo mzito.

Januari 1942, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji waje kujaza chemshabongo ya maneno ndani ya dakika 12. Watu wameinamia karatasi, saa inakwenda. Karani mmoja wa ofisi ya wahasibu alikuwa amebakiza neno moja tu kengele ilipolia, ikamuuma. Baadaye barua ikamfikia, akaitwa na jeshi, akaishia Bletchley Park kwenye kazi ya kufumbua siri za Wajerumani. Kichwa chake ndicho kilichomwombea kazi.

Sasa mtazameni Mwingereza Kim Philby. Aliingia MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, mwaka 1940. Afisa aliyeulizwa habari zake alijibu kwamba anaifahamu familia yake, basi, ikatosha. Kumbe Wasovieti walishamfanya jasusi wao tangu 1934! Mwaka 1963 akatorokea Moscow.

Najua hoja ya upande wa pili: ukitangaza nafasi, adui naye atatuma maombi. Ni kweli, na siidharau. Lakini Philby hakuhitaji tangazo. Kinachoilinda idara ni upekuzi, tena unaorudiwa: madeni, safari, mahusiano, maisha yanayozidi mshahara. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambaye baba yake pia alikuwa mtumishi wa CIA, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985. Alipita kipimo cha mashine ya kubaini uongo mara 2, akanunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, na bado hakukamatwa hadi Februari 1994. Miaka tisa. Kuna watoa habari wa CIA waliouawa kwa sababu yake, na mimi kila nikilifikiria hilo naona uzito wa swali hili. Alikuwa mwenzao, amekulia humo, na naamini ndiyo maana maswali makali yalichelewa.

Uingereza yenyewe ilibadilika: MI5, idara ya usalama wa ndani, ilianza kutangaza nafasi hadharani mwaka 1997, MI6 ikafuata mwaka 2006. Idara hizo zipo hadi leo.

Jambo moja nalikubali bila ubishi. Mtoa habari aliye ndani ya kundi la magaidi au serikali ya adui hatangaziwi nafasi. Huyo lazima afuatwe, tena taratibu. Mimi nazungumzia waajiriwa, wanaokula mshahara na kubeba funguo za kabati la siri.

Anayetetea utaratibu wa zamani anijibu hili: mtu akiingia kwa kujuana na wakubwa, ni afisa gani wa chini atakayethubutu kuomba taarifa za benki za mtoto wa bosi wake?