Tela la kambi kutoka Afrika Kusini, dola 24,000: ninunue au nitulie?

Mama Kelvin, Moshi

Habari za jioni wakuu. Natafuta waliowahi kumiliki au kutengeneza matela ya kambi, yale ya barabara mbovu, siyo ya kubebea mchanga.

Niko Moshi, Soweto. (Soweto yetu, jamani. Nilipowatajia wauzaji walicheka, maana wao wametokea Johannesburg.) Nimepika kambini miaka 14, mwanzo kwa makampuni ya watu, sasa hivi kwa jina langu. Nina mkonga mmoja, Land Cruiser 79 pikapu yenye injini ya 1HZ. Napeleka familia na vikundi vidogo Manyara, Eyasi na Natron. Mahema yanakaa kwenye keria, jiko kwenye bodi, vyombo kwenye sanduku la bati. Giza likitukuta njiani, napakua na tochi mdomoni.

Wiki iliyopita dereva mwenzangu kanipeleka Usa River kuona tela. Ni la mzee mmoja na mkewe, wamelivuta kutoka kwao kupitia Zambia, wakaingilia Tunduma. Nyonga ya mzee imegoma, wanataka kurudi kwa ndege. Bei dola 24,000, tuseme milioni 60. Wanasema jipya lake ni zaidi ya dola 40,000. Jina la kiwanda silitaji, nisije nikamharibia mtu biashara.

Sasa nisikilizeni. Hema linafunguka juu yake kama kitabu, godoro limo humohumo. Tanki la maji lita 100 chini ya sakafu. Friji mbili, sola, betri mbili za lithiamu za Ah 100. Na jiko! Unalivuta kwa pembeni kama droo, linatoka lote, la chuma kisichoshika kutu, plati mbili, sinki, na kibao cha kukatia kinachoning'inia kwenye bawaba. Linanifika kiunoni kabisa. Miaka 14 nimepika nimeinama, wakuu. Nilichemsha maji pale nikakaa nalo saa nzima. Wauzaji walifungua kambi yote kwa dakika 11, nimeshika saa. Mimi na kijana wangu tunatumia saa moja na nusu.

Mimi ni Mchaga, hesabu nimepiga. Mwaka jana nililala kambini usiku 70. Milioni 60 kwa miaka mitano ni kama 171,000 kila usiku. Nikija kuliuza nusu bei, inashuka hadi 86,000 hivi. Naweza kuibeba, kwa shida.

Kitu kimoja tu kimenikwaza. Kila mahali pamesafishwa panang'aa. Mimi nikiingia jiko la mtu siangalii meza, naangalia kona. Nikapitisha kidole nyuma kabisa kwenye droo ya chini, upande wa kulia karibu na tairi. Kimetoka kijivu, vumbi laini kama unga wa ulezi. Nikamwuliza mama mwenye tela, akasema ni vumbi la safari tu. Lakini walishaniambia tela halipitishi vumbi!

Je, hilo ni jambo dogo? Na milioni 60 ndiyo thamani yake kweli?

Chalii wa Kaloleni

Milioni sitini kwa kitu hakina injini?? Mama si ununue Noah uipeleke Kilombero ikuletee hela kila siku.

Mama Kelvin, Moshi

Noah haina sinki, mwanangu.

Fundi wa Unga Limited

Mama Kelvin, karibu. Mimi nachomelea matela Arusha tangu enzi za Sankey, yale ya jeshi la Waingereza yaliyokuwa yakivutwa na Land Rover. Ya kambi ya kisasa yamepita mikononi mwangu manne. Matatu yalikuja yenyewe, moja lilikuja juu ya Fuso.

Kidole chako kimeona kuliko macho yako. Vumbi kwenye kona moja tu, tena ya chini, karibu na tairi, lina maana mbili. Ama mpira wa mlango umekufa, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Ama bodi imejikunja kidogo, mlango haukai sawasawa, na bodi haijikunji mpaka kitu cha chini yake kiwe kimeachia. Lala chini ya tela upande huohuo. Usichuchumae, lala, chukua kanga utandike. Tafuta pale mkono wa tairi unaposhikana na chesisi. Ukiona rangi nyeusi mpya inayometa katikati ya rangi iliyochakaa, kwaruza kwa kucha. Mwenye tela hapaki rangi mahali padogo namna hiyo kwa urembo.

Matela haya mazuri hayana ekseli moja ya kukatiza. Kila tairi lina mkono wake, koili yake na shokapu yake, mengine shokapu mbili. Ndiyo sehemu kubwa ya ile dola 40,000, siyo friji. Friji unaweza kuinunua. Kwenye barabara ya mawimbi, ile ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ngare Sero, shokapu zinapata moto mpaka zinavuja, na ikishafika hapo kila pigo linaenda kwenye mshono. Pitisha kidole chako hichohicho kwenye shokapu. Kikitoka na mafuta, hesabu shokapu zote.

Lile la Fuso lilitokea hukohuko Engaruka. Mwenyewe alikuwa amekimbia sana, habu za moto, akaingia korongo lenye maji. Habu ikipoa ghafla inavuta maji ndani, kama ulivyowahi kuona chupa ya moto ukiizamisha. Nilipofungua, grisi ilikuwa kama maziwa mgando. Beringi ilijichomea kwenye shafti, tairi likaondoka peke yake likampita. Alisema aliona tairi linatangulia mbele ya gari akajiuliza ni la nani. Kwa hiyo inua tela kwa jeki, zungusha tairi kwa mkono, sikiliza, halafu lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, jua.

Matairi, soma namba nne za mwisho ubavuni. 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Tela linapaki muda mrefu, kashata ni nzima lakini mpira umeshazeeka.

Hesabu nati za rimu. Mkonga wako wa 79 una nati tano. Matela mengi ya huko yanafungwa nati sita kama Hilux na Prado. Kama ni sita, spea ya gari haifungi kwenye tela wala ya tela haifungi kwenye gari, utabeba spea mbili.

Na lipime! Bati la kiwandani mbele ya tela linaandika uzito wake likiwa tupu na uzito wa mwisho linaoruhusiwa. Namba ya tupu huwa imeandikwa kabla watu hawajaongeza friji ya pili, betri, keria na kila walichokiona dukani. Lita 100 za maji ni kilo 100, hapo hujaweka hata kitunguu.

Dereva Karatu

Dada, naongezea kwenye breki. Uliza ni za umeme, unazikamata wewe ukiwa kwenye usukani, au ni za kusukumwa, yaani tela likikusukuma ndipo zinakamata. Za kusukumwa hazina matatizo tambarare. Sasa teremka nalo kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, ule ukingo wa Bonde la Ufa. Tela linakusukuma mteremko mzima, breki zinakamata mteremko mzima, ukifika chini kwenye ndizi zinanuka kuungua. Shuka na gia ndogo. Kupanda ndiyo usiseme, 1HZ haina tabo, utaandamana na malori.

Kingine ni uzito wa pua. Chukua mizani ya bafuni, weka gogo juu yake, teremsha pua ya tela juu ya gogo tela likiwa limesawazika. Inatakiwa kama asilimia 10 ya uzito wote. Ikiwa nyepesi mno, tela litacheza mkia ukifika 80, na likishaanza hilo hulitulizi kwa breki.

Kwa kuwa unaenda Natron, angalia alumini. Magadi yanaila alumini, inatoka unga mweupe. Mimi kila nikirudi huko naosha chini kwa maji baridi kabla sijanywa hata chai.

Mdau wa Njiro

Wanamtisha tu huyu mama. Mimi langu nililivusha Namanga miaka sita iliyopita, nimelala nalo mpaka Loliondo, sijutii hata siku moja. Kilichobaki ni ulinunue na makaratasi safi. Mama, namba za hilo tela ni za wapi?

Mama Kelvin, Moshi

Zinaishia na GP.

Mdau wa Njiro

Basi simama hapohapo. GP ni Gauteng, jimbo la Johannesburg. Hilo limeingia kwa kibali cha muda, kama mgeni anayetembea, ushuru wake haujalipwa. Siku wanapokuuzia, linakuwa bidhaa iliyoingizwa nchini. Forodha wataangalia thamani wao wenyewe, siyo karatasi mliyoandikiana mezani. Ushuru unapigwa juu ya thamani pamoja na usafiri na bima, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya vyote viwili. Kama limetengenezwa Afrika Kusini na wana cheti cha asili cha SADC, wakala aulizie nafuu ya ushuru, ila VAT iko palepale. Hiyo milioni 60 siyo bei, ni kianzio.

Fundi wa Unga Limited

Mdau kasema. Na ile hesabu ya kuuza nusu bei, mama, utamuuzia nani? Johannesburg ukitangaza asubuhi, jioni wameshafika watatu. Hapa Arusha wanunuzi wa tela la milioni 60 nawajua kwa majina, na wawili wana deni kwangu. Piga hesabu kama vile hutaliuza. Jumamosi nina nafasi, nauli tu ya kwenda Usa River.

Mama Kelvin, Moshi

Wakuu, nimerudi. Shikamoo tena mzee wa Unga Limited, na asante kwa Jumamosi. Naandika yote ili mwingine asije akauliza upya.

Nililala chini ya tela na kanga kama nilivyoambiwa. Mwenye tela alinitazama kama nimechanganyikiwa, mkewe akaniletea mto! Upande wa kulia, nyuma kidogo ya mkono wa tairi, pako na rangi nyeusi mpya, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Fundi akakwaruza kwa bisibisi. Ufa, urefu wa kidole changu cha shahada, na juu yake mshono uliochomelewa vibaya, fundi akauita "matapishi". Moja kwa moja chini ya ile droo yangu ya vumbi. Mzee hakubisha. Alisema walichomelea Zambia kando ya barabara, akadhani imeisha. Namwamini, sidhani alitaka kunitapeli. Alionekana kuumia kuliko mimi.

Shokapu moja inavuja. Matairi ya 2016. Nati sita. Breki za kusukumwa. Betri zilikuwa safi: tulizima sola Ijumaa jioni, tukaacha friji zote mbili zikifanya kazi, asubuhi zilikuwa bado juu ya nusu.

Halafu mizani. Tulilivuta mpaka ghala moja la mahindi, wakatupimia kwa elfu kumi. Bati la kiwandani: tupu kilo 980, mwisho 1,500. Mizani, bila maji, bila chakula: 1,420. Nikijaza tanki nimeshapita kilo 20 kabla sijapakia mchele. Hao wazee walitembea nalo hivyo kutoka kwao mpaka hapa, ndiyo maana chesisi imelia.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipobadilika. Nilikuwa nanunua tela la kubeba kambi yangu, na hili limeshajaa vitu vya watu wawili. Nikiondoa friji moja, keria na sanduku la mbele, fundi anakadiria tutashuka hadi 1,250. Kuimarisha chesisi pande zote mbili, shokapu nne, beringi, matairi matatu pamoja na spea, kaniandikia milioni 7 na laki 4. Wakala wa forodha nimemwona, makadirio yake yalinifanya niombe maji ya kunywa.

Nimewapa ofa yangu: dola 11,000, wao wabaki na friji moja, na kazi ya forodha ikamilike kabla sijatoa hata senti. Mzee alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kama nitapika kwenye lile jiko nyama ya kondoo waliyokuwa nayo kwenye friji. Nikapika. Tumekula wote pale chini ya mti, na fundi akiwemo. Watanijibu Alhamisi.

Wakati naosha vyombo, nilimwona fundi anapima droo la jiko kwa utepe, urefu, upana, mpaka reli zake, anaandika kwenye kiganja. Nilipomwuliza alisema anaangalia tu.

Chalii wa Kaloleni

Sasa kondoo alikuwaje?

Fundi wa Unga Limited

Sentimita 108 kwa 58. Kondoo alikuwa safi.