UKOO WA BABU 🏔️: safari ya Iringa

Dada Mkubwa 18:52
Jioni njema wapendwa. Kesho Baba Neema na Anko Tukuyu wanakutana kwenye sataranji, raundi ya mwisho. Noah inatoka Kabwe, Mbeya, saa 10 alfajiri. Kila kichwa elfu 20. Naomba majina.

Dada Mkubwa 19:40
Mmesoma watu 14. Jina hata moja?

Mama Mdogo Uyole 19:44
Nakuja na viazi na chai ya chupa. Hela mwisho wa mwezi 🙏

Dada Mkubwa 19:44
Dereva hajazi tenki kwa viazi.

Dogo Mkwawa 19:51
Kila mchezaji ana dakika 90, na sekunde 30 za nyongeza kila akicheza. Mnakuja kutazama watu wameshika tama hadi mchana? 😂

Baba Neema 19:58
Waje. Safari hii nataka mashahidi.

Anko Tukuyu 20:01
Mashahidi wa nini?

Baba Neema 20:02
Mtu anamwitia ndugu yake mwamuzi!

Anko Tukuyu 20:04
Siku ile ulianza kushika kete ya ngome, ndipo ukashika mfalme. Kwa kanuni hapo huzisogezi tena zote mbili kwa mkupuo kumficha mfalme upande huo.

Baba Neema 20:05
Nilikuwa naiweka sawa.

Anko Tukuyu 20:05
Hiyo husemwa kabla ya kugusa.

Mama Mdogo Uyole 20:07
Na yule ng'ombe wa mahari mbona hamkumwitia mwamuzi 😂😂

Dogo Mkwawa 20:07
Mama mdogo jamani 💀

Dada Mkubwa 20:08
NAULI!! Na tochi za trafiki Makambako nani analipa?

Babu 20:31
Mjukuu amenisomea yote. Alianza na ngome, nilikuwa nimekaa palepale. Na wewe wa Tukuyu, haki ilikuwa yako, lakini ulicheka mbele ya watu. Tangu siku ile hamjala pamoja hapa kwangu. Kesho mtakaa kiti kimoja, cha nyuma. Asiyeweza abaki.

Anko Tukuyu 21:10
Shikamoo Baba. Nimesikia.

Baba Neema 21:26
👍

Dada Mkubwa 21:27
Hiyo 👍 ni ya Baba au ya nauli?

Dogo Mkwawa 21:35
Ukumbini simu zizimwe. Ya mchezaji ikiita, kapoteza. Mama mdogo, na wewe zima.

Dada Mkubwa 22:15
Wamelipa watatu, na mmoja ni mimi. Dereva anataka nusu usiku huu.

Mama Mdogo Uyole 22:20
Anko analala kwangu. Baba Neema apitiwe wapi?

Shemeji Chunya 23:48
Ndaga, nilikuwa machimboni. Gari linatoka saa ngapi?