Namba ya Idi kwenye kikundi cha ukoo

Idi: Shikamooni. Nimepata namba tasa kubwa: 4,294,967,297. Nimeigawanya kwa kila namba mpaka 100, imegoma

Mama Rehema: Marahaba. Tasa si ndiyo isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe?

Idi: Ndiyo, mama mkubwa

Mjomba Saidi: Marahaba. Ila kuishia 100 hakutoshi, lazima ujaribu mpaka kipeuo chake cha pili, nacho kinapita 65,000. Na hukuhitaji kuhangaika na zile ndogo. Kata tarakimu tatu tatu toka kulia: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. 380 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, basi na hiyo yako vilevile. Tatu kwa mpigo

Idi: Mjomba mimi nilikaa na kikokotoo saa nzima 😭

Rehema: Umeitoa wapi lakini? Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1

Idi: Nilikuwa nazidisha 2 kwa 2 kwa 2, nikachoka, nikaongeza 1

Rehema: 😂😂 Umetumbukia shimo la Fermat. Mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Vipeo 1, 2, 4, 8, 16 vilimpa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Akaamini ya kipeo cha 32 nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaigawanya

Mama Rehema: Alijaribu zote mpaka 65,000? Maskini

Rehema: Wala. Yeye mwenyewe alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 64. Hesabu 65, 129, 193… tupa zisizo tasa. Za kuanzia ni 193, 257, 449, 577, 641. Gawaneni

Idi: 193 inabaki 109

Mjomba Saidi: 257 inabaki 2. Ilinipa moyo bure

Idi: 449 inabaki 325. 577 inabaki 288

Mama Rehema: 641 niachieni mimi, natumia karatasi

Mama Rehema: 6,700,417. BAKI HAKUNA! Nimerudia mara mbili

Mjomba Saidi: Dada, Fermat umemuweza 👏🏾

Idi: Sasa hiyo 6,700,417 ni tasa?

Rehema: Swali zuri. Kigawo chake ni kigawo cha ile kubwa pia, kwa hiyo sharti la 64 halibadiliki. Kipeuo chake hakifiki 2,600, na zile nne zilizoshindwa hazirudi. Zimebaki saba tu: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601, 2113

Mama Rehema: Idi, kesho kuna shule

Idi: Saba tu mama mkubwa

Idi: 641 inabaki 44

Mjomba Saidi: Mwacheni mtoto

Idi: 2113 inabaki 94. Zote zimegoma. Ni tasa, na safari hii sikuishia 100