Ati "watu wa reli walikuwa wanafanana"?! Huyu jamaa wa picha kuukuu atanitambua

Mjukuu_wa_Faiamani

Leo sina salamu. Niko kwenye matatu narudi Nakuru, hasira imenipanda hadi kwenye nywele, na simu iko na chaji kidogo, kwa hivyo msinisumbue na makosa ya kuandika.

Jamaa mnamjua. Simtaji. Yule wa kofia ya mkeka na skana ya mkobani, anayezunguka kota za reli kutoka Nakuru hadi Kisumu akiwabembeleza akina nyanya: "Mama, niazime tu hiyo picha, narudisha jioni." Jioni ya mwaka gani, hasemi.

Kwetu alikuja 2019. Nyanya, Mungu amlaze pema, akamfungulia kopo la biskuti lenye picha zote za ukoo, akampa chai na mandazi matatu. MATATU! Mimi wa damu yake nilikuwa napewa moja na kuambiwa nisimalize sukari. Jamaa akafuta mdomo, akaondoka na babu.

Leo nimeingia kwenye hayo maonyesho yake ya picha kuukuu, Kisumu. Babu yangu huyo ukutani, amekuzwa mpaka anatosha mlango, nembo ya jamaa imepigwa juu ya paji la uso kama muhuri wa bucha kwenye paja la ng'ombe. Chini imeandikwa: "Kuli asiyejulikana, ujenzi wa reli, karibu 1901."

Babu kasimama kando ya Garratt, kile kichwa kikubwa cha treni ya mvuke, kopo la mafuta lenye mdomo mrefu mkononi, kofia imelala upande, na sikio la kushoto limejikunja kama sambusa iliyofunguka kwenye karai. Namba ya kichwa inaonekana wazi, inaanza na 59. Hizo Garratt za aina ya 59 zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock, 34 tu, zikaanza kuingia 1955! Tani 252 za chuma zimeegemea nyuma yake na huyu mtu haoni! Nyuma ya ile picha babu aliandika kwa penseli jina lake na "Nairobi, 1957", na kuna alama ya dole gumba lake la mafuta ambayo mpaka kesho haijafutika.

Nikamwendea kwa adabu. Nikasema, ndugu yangu, huyu ni babu yangu. Akanitazama. Akatazama picha. Akageukia wageni wake waliokuwa wakila njugu, akasema, "Watu wa reli walikuwa wanafanana."

Wakacheka!

Nikageuza kichwa nimwonyeshe sikio. Sikio ni hili hili, hata kinyozi wangu hulilalamikia. Akasema watu wa reli walikuwa wanafanana. Nikamwambia asome nyuma. Akasema ameshatia fremu, na nyuma ya picha si picha. Kisha, sikilizeni, akanitajia bei. Shilingi 3,500 nimchukue babu, "bila fremu".

Mtu aliyechochea makaa miaka ishirini, milima kwa milima ya makaa, leo mjukuu wake anaambiwa walikuwa wanafanana. Wanafanana na nani? Na nani?!

Dada_wa_Kondele

Pole sana. Huyo ni mwizi wa mchana. Alichukua picha ya harusi ya mama yangu, wamesimama na shangazi kwenye stesheni ya Kibos wakingoja treni. Sasa iko kwenye kalenda, mwezi wa nane, imeandikwa "Ngoma ya wenyeji". Mama hajawahi kucheza ngoma, ni mlokole.

Taruma_la_Chuma

Nikosoe kidogo. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na msumari wa mwisho ulipigwa na Florence, mke wa Ronald Preston, ndiyo maana Kisumu ikaitwa Port Florence. Makuli walioletwa kutoka India walikuwa karibu 32,000, na kama 2,500 hawakurudi hai. Sasa babu yako apigwe picha akiwa kijana 1957 na aitwe kuli wa 1901, hapo jamaa amekosea, nakubali.

Lakini na wewe! Garratt za 59 zilikuwa zinachoma mafuta mazito. Makaa umeyatoa wapi? Babu yako alikuwa anafungua vali ya mafuta. Yeye amemsingizia mwaka, wewe umemsingizia koleo.

Mjukuu_wa_Faiamani

Wewe ulikuwepo? Nyanya alisema makaa.

Boda_Elburgon

Nyanya alikuwa anaongelea jiko lake 😂😂

Mama_Njugu

Weka picha ya hilo sikio tuamue.

Boda_Elburgon

Mama_Njugu, akiliweka na sisi wa Elburgon tutafanana naye. Babu yangu naye alikuwa reli. Wanafanana!

Kijana_wa_Londiani

Hata mimi niliona hayo maonyesho. Kuna moja imeandikwa "Stesheni ya Lumbwa, mahali hapajulikani". Lumbwa ni Kipkelion! Kuna watu wanashuka hapo na kuku. Angeuliza hata makanga.

Taruma_la_Chuma

Na ile ya Timboroa ameandika "theluji". Ule ni ukungu. Pale ni zaidi ya mita 2,700 juu, asubuhi hujui ng'ombe ni wako au wa jirani.

Dada_wa_Kondele

Afadhali huyo anakuza. Mpiga picha wa harusi yangu mimi amekata vichwa vya wazazi wote wa bwana harusi. Nina picha arobaini za suti na shingo. Nikimpigia anasema ni "mtindo".

Mama_Njugu

Mimi wa pasipoti aliniambia nisitabasamu, nikafunga mdomo, akaniambia nimenuna. Nikarudia mara sita, kila mara nalipa. Ile iliyokubaliwa nimefumba jicho moja.

Mjukuu_wa_Faiamani

Jamani, turudi kwa babu yangu. Alisema wanafanana. Mbele ya watu. Watu wanakula njugu!

Mama_Njugu

Njugu alinunua kwangu. Hajalipa.

Kijana_wa_Londiani

Basi si wewe tu Mjukuu, ana madeni mpaka ya njugu. Na anayeenda Kisumu kesho aniangalizie, gorogoro (lile kopo la kupimia) ya omena soko la Kibuye sasa ni pesa ngapi?

Dada_wa_Kondele

Inategemea umebeba gorogoro yako au unapimiwa kwa yao. Yao imebonyezwa chini, ngumi nzima inaingia.