Nimeuziwa shokapu ya nyuma isiyo ya baiskeli yangu, eti "si imeingia, bosi wangu?"

Wakuu, mniwie radhi, naandika nikiwa na jazba. Niko Arusha. Duka silitaji, ila wenyewe wanajijua.

Baiskeli yangu ni ya mlimani, ya mtumba, ina shokapu mbele na nyuma. Ya nyuma ilianza kuvuja mafuta. Nikaenda dukani na vipimo vyote kwenye karatasi: urefu 200 mm kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya tundu la pili, stroki (kiasi inachobonyea) 51, bushi (vipande vya alumini vinavyokaa kwenye tundu la bolti) upana 22, bolti ya 8. Wakaipokea, wakaniambia niache baiskeli, jioni nije. Jioni naikuta imefungwa, inang'aa, nikatoa laki nne na nusu.

Nashuka Ilboru, korongo la kwanza tu, nasikia kraa! Tairi limekwangua bomba la siti mpaka rangi imebanduka, alumini inaonekana. Nikafuta vumbi kwenye shokapu nisome maandishi: 200x57.

Ndiyo maana "imeingia". Urefu ni ule ule, matundu yanakaa vizuri, ila hii inabonyea milimita 6 zaidi. Sasa gurudumu langu linapanda 130 kwa stroki ya 51, yaani kila milimita ya shokapu ni mbili na nusu za gurudumu. Piga hesabu: tairi linapanda kama 15 zaidi ya nafasi aliyoiacha mtengenezaji. Karatasi niliyowapa walifungia vitumbua?

Halafu bushi. Wamezipiga tupa! Unga wa alumini bado umenata kwenye grisi, na upande mmoja umeliwa kuliko mwingine, kwa hiyo shokapu imekaa mshazari. Ikifanya kazi hivyo, sili zinakwisha upesi na mafuta yanaanza kuvuja upya.

Nikarudi. Jibu: "Bosi wangu, shokapu ni shokapu, ongeza upepo tu haitagusa." Ukikaa kwenye siti shokapu inatakiwa izame 25 mpaka 30% ya stroki yake. Ukiijaza mpaka isifike mwisho kamwe, umejifungia kipande cha bomba. Na huo upepo wenyewe walijazia kompresa ya gereji jirani, ya matairi ya magari! Shokapu ya upepo inaweza kutaka hata psi 200, na kichumba chake ni kidogo, ndiyo maana ina pampu yake ya mkono yenye geji.

Nikasema basi nibadilishieni. Wakaleta ya springi imeandikwa 750 (ugumu wa springi, pauni kwa inchi), "hii ndiyo imara". Mimi wa kilo 70, kwa fremu hii, nahitaji kama 450. Nikaikataa, wakatoa ya 210x50, vipimo vipya vilivyoingia sokoni 2016. "Tofauti sentimita moja tu, kaka." Sentimita moja pale ni kunyanyua nyuma ya baiskeli sentimita mbili na nusu, usukani unakuwa wima, na mteremkoni unatupwa mbele.

Kinachoniuma ni kwamba kuhakiki ni dakika tano. Toa upepo wote, funga bolti, kandamiza siti mpaka mwisho, angalia kwa macho kama tairi linagusa fremu. Fundi yeyote anaweza. Hawakufanya, na sasa wananionyesha risiti: "ikishafungwa hairudishwi".

Wanaojua sheria, maneno hayo ya risiti yana nguvu hata pale mteja aliyeandika vipimo amepewa kitu kingine? Nikienda Tume ya Ushindani nibebe nini? Karatasi wamebaki nayo wao, ila picha yake ninayo kwenye simu.

Na aliye Arusha au Moshi mwenye 200x51, hata kama inahitaji sili mpya, anitafute. Ila bushi zisiwe zimepigwa tupa.